Dunga, Siyo Tunga

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa nesi wa zahanati, tena nesi mstaafu katika miaka ninayomkumbuka zaidi, lakini kwetu huku, milimani juu ya Litein, mtu yeyote aliyewahi kuvaa nyeupe na kushika sindano ni daktari, na ukimwita nesi watu wanaona umemshusha. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, kisha akachoka. Alisema jina la bure halirudishwi. Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake la kweli aliniomba nisilitie katika mambo yangu ya kuandika, na yeye hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.

Mimi ni karani wa majani. Kazi yangu ni kusimama kando ya mizani kwenye kituo cha kununulia majani chai, mahali sisi tunapaita bayin, na kuwaambia majirani zangu kwamba majani yao ni magumu, wayapekue upya. Ni kazi ya kuchukiwa, na sura yangu haisaidii. Lakini ndiyo iliyonipa nafasi ya kumsikia Daktari mwaka nenda mwaka rudi, kwa sababu bayin ndiyo iliyokuwa darasa lake.

Mkulima akifika anamwaga majani yake juu ya meza ndefu ya mbao, kisha yanapekuliwa kwa mikono: majani mazee yanatupwa, vijiti vinatupwa, yanabaki majani mawili na chipukizi. Wanaoifanya kazi hiyo ni wanawake na binti zao, wamejipanga pande mbili za meza. Lori la kiwanda likichelewa, na siku za mvua lazima lichelewe, wanaweza kusimama hapo mchana mzima. Daktari alikuwa na vichaka vichache vya chai nyuma ya nyumba yake. Majani aliyoleta yangeweza kufungwa kwenye kitambaa cha kichwa, na sote tulijua hakuja kwa ajili ya majani.

Alikuwa na sababu ya kuichagua meza ile. Kwetu mama hamwambii bintiye mambo ya mwili. Zamani kulikuwa na mahali na wakati wa kufundishwa, wasichana wametengwa na wazee wa kike, na pamoja na mafunzo kulikuwa na kisu. Kisu tulikikataa, na tulifanya vizuri kukikataa, ila mafunzo nayo yakaondoka na kisu, na hakuna aliyeyarudisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wetu sisi ni wachuuzi wa sokoni, vijana wa stendi na simu. Lakini mezani macho yote yako kwenye majani. Mama hamtazami binti, binti hamtazami mama, na neno linaweza kupita katikati yao bila mtu kuaibika.

"Maneno mengine," Daktari alikuwa akisema, "ukiyaangalia usoni yanakimbia."

Basi aliyasema akiwa ameinamia majani. Aliyaita mambo kwa majina yake. Damu ya mwezi, mimba, magonjwa, mwanamume anayekununulia chipsi na kile anachotaka baada ya chipsi. Alisema mtoto aliyezaa ana haki ya kurudi shule. Alisema mke ana haki ya kuulizwa kabla ya kuzaa tena, na hilo neno kuulizwa alilipenda kuliko yote. Na siku yoyote, katikati ya maneno mengine, ilikuwa lazima aliseme hili: "Msichana hauawi na mimba. Anauawa na neno ambalo hakuna mtu alimwambia." Miaka yake ya zahanati ilimwonyesha wasichana wakiletwa wamechelewa, na hakutaka kumwona mwingine tena. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake moja. Mengine yote yalikuwa matawi yake.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo mkali, alikuwa na ubishi, na alikuwa na watoto wanane.

"Wewe mwenyewe umezaa wanane," mama mmoja alimrushia siku moja mezani, "halafu unakuja kutuambia sisi tupange."

"Ndiyo maana najua kile nasema," Daktari akajibu bila kuinua kichwa. "Watatu nilitaka. Hao wengine hakuna mtu aliniuliza."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba anawapenda wote, hata yule asiyempigia simu. Lakini kuulizwa, hakuulizwa. Nikaona mikono ya mama yule aliyeanza ikipekua majani ambayo yalikuwa yameshapekuliwa.

Jambo jingine lililowachekesha watu ni mkwe wake. Huyu mwanamke aliyeweza kutamka sehemu zote za mwili mbele ya karani, dereva na utingo wa lori, akimwona mume wa bintiye akija njiani alijitanda leso kichwani na kujipenyeza kwenye chai ya jirani mpaka mkwe apite. Adabu ya mama mkwe ni kumkwepa mkwe, na hiyo hakuivunja hata siku moja. Nilimuuliza vipi. Akasema mtu akivunja kila kitu, watu watadhani anavunja kwa sababu ya kupenda kuvunja.

Kanisani aliketi mbele, na kitambaa cha chama cha akina mama alikivaa vizuri kuliko mke wa mchungaji. Wazee wa kanisa walimwita wakamwambia aache kufundisha wasichana kutenda dhambi. Akasema amesikia, kanisani atanyamaza, ila meza ya majani haina mimbari. Kuhusu kutoa mimba alikuwa na msimamo wake, haukumpendeza mtu wa upande wowote. "Mimi sitoi, na ukiniuliza nitakwambia usitoe," alisema. "Lakini akija kwangu ameshatoa, huyo ni mgonjwa. Si mshtakiwa." Wazee waliposikia hayo walisema anafungua mlango wa dhambi. Vijana wa chuo cha Kabianga waliokuja wakati mmoja na fulana na vipaza sauti walisema amebaki nyuma. Yeye alirudi mezani.

Mimi nilikuwa mtu wake kabla hata ya kuwa karani. Nilizaa nikiwa Form Three, na baba yangu akasema shule imeisha. Daktari alikuja kwetu bila kuitwa, akamfunga mtoto wangu mgongoni mwake, akanishika mkono, tukaenda hadi ofisi ya mkuu wa shule. Mkuu akaanza kueleza juu ya mfano mbaya kwa wenzangu. Daktari akamgeuzia mgongo ili mtoto amtazame.

"Huyu ako na nyanya wa kumbeba," akasema. "Huyu mama yake ndiye hana elimu. Wewe unataka kuongeza wajinga wawili mahali palikuwa na mmoja?"

Nilirudi darasani wiki ile. Kwa hiyo ukisoma haya ukaona nampendelea, umeona sawa.

Vijana nao hakuwaacha. Alikuwa akishuka mpaka stendi ya bodaboda ya Litein kuwaambia juu ya bangi na chang'aa na zile tembe wanazouziana, na huko alikuwa na tatizo, kwa sababu Daktari alinusa tumbaku. Kikopo chake cha ugoro kilikuwa kwenye mfuko wa sweta, na pua yake haikuwa safi hata Jumapili. Kijana mmoja, Kiprono, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa mekundu saa zote, akamkamata hapo hapo.

"Kogo," akasema, maana vijana wote walimwita hivyo, nyanya, "wewe wacha ugoro na sisi tuwache bangi. Deal?"

Akakubali. Wiki ile ilikuwa mbaya kwa kijiji kizima. Aligombana na mke wa mchungaji, akagombana na ng'ombe, akaniambia mimi kwamba mizani yangu ni mwizi. Mwishoni mtu akamwona nyuma ya zahanati ameshika kikopo, pua ya kahawia, machozi yanamtoka. Mwingine angejificha. Yeye alishuka stendi, akasimama mbele yao.

"Nimeshintwa," akawaambia. "Mimi mtu msima, najua tawa sote, na hii kitu imenishinta. Sasa nyinyi muangalie ni nini mnaingia."

Walicheka, lakini Kiprono aliniambia baadaye kwamba hakuna somo lililomwingia kama lile. Hakuacha siku ile. Aliacha polepole, akianguka na kuinuka, na mara nyingi nilimwona ameegesha pikipiki karibu na bayin akimsubiri Daktari ampeleke nyumbani bure.

Umeona alivyosema shinta na tawa. Hapo ndipo ninapotaka kufika, na sipendi kufika. Ulimi wetu sisi Wakipsigis hautofautishi vizuri d na t, wala b na p, wala g na k, wala z na s. Mezani haikuwa shida, tuliongea lugha yetu, na akiwepo mtu wa nje aligeukia Kiswahili na watu wakazoea. Walimtania tu. Alipowaambia wasichana wakiona tamu nyingi wakimbie zahanati, wakacheka kwamba Daktari anawakataza sukari. Alicheka nao. Damu, tamu, alisema, mwenye akili anajua ni gani.

Kisha ikaja sindano ya shule. Watu wa afya walikuwa wanakuja siku ya Jumatano kuwachanja wasichana wa miaka kumi, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, na mwalimu mkuu akamwomba Daktari awaeleze wazazi kwa sababu wazazi wanamwamini. Mkutano ulikuwa mchana darasani, chini ya mabati. Kwa kuwa kuna familia nyingi zilizohamia kwetu kutoka milima ya upande wa pili, ilibidi aongee Kiswahili. Na mvua ikaja. Mvua ya kwetu hutokea saa nane karibu kila siku, na siku ile ilikuja na mawe. Nilikuwa nimeketi mbele na bado nilimsikia kwa shida.

"Siku ya Jumatano," akapaza sauti, "wasichana wote watatungwa! Ni ya mlango wa kisasi! Watatungwa tu kitoko, halafu wanaruti tarasani!"

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko chetu, na ndicho kilichomponza. Alisikia watatungwa. Kutunga anajua ni kutunga mimba, au kutunga wimbo, na vyote viwili havikuingia. Akamgusa jirani yake, mwenyeji.

"Amesema watafanywa nini mlango wa kizazi?"

Jirani naye alikuwa amesikia nusu. Akafikiri kidogo, akatafuta neno linalofanana na linaloenda na mlango.

"Watafungwa."

"Watafungwa mlango wa kizazi? Watoto?"

"Si ndiyo Daktari mwenyewe amesema."

Hao wanawake wawili sijawahi kuwachukia. Nimejaribu, lakini walisikia kile kilichosikika. Mvua ilipokatika, habari ilikuwa imeshavuka mto. Lisemwalo lipo, watu wakaambizana, na safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa na nani, kwa sababu lilitoka kinywani mwa Daktari.

Jumatano darasa lilikuwa tupu upande wa wasichana. Mama zao waliwapeleka kwenye chai na kuwaambia wainame. Nikipita barabarani niliona vitambaa vya kichwa hapa na pale katikati ya majani, vikitulia nikitazama. Watu wa afya walikaa kwenye benchi na sanduku lao la barafu mpaka mchana, wakanywa chai ya shule, wakaondoka.

Daktari alijaribu kurekebisha. Alipita nyumba kwa nyumba, na hata kwa wenyeji ilibidi alitamke lile neno la Kiswahili, maana ndilo walilokuwa wameletewa. "Sikusema kufunga," alimwambia kila mtu. "Nilisema kutunga! Kutunga, na sintano!" Na kila alipoeleza alilirudia neno lile lile kwa ulimi ule ule, na kila aliyemsikia alizidi kuwa na hakika. Mimi niliwaambia wanawake kwenye mizani alichokuwa akisema. Lakini ulimi wangu nao ni wa hapa hapa. Waliniangalia wakasema, hata karani anasema tunga.

Wakaiacha meza. Sijui kama mtu wa mbali anaweza kuelewa jambo hilo lilivyokuwa. Wanawake walitandika magunia yao chini, mbali, wakapekua majani wamechuchumaa, wamempa mgongo. Yeye alisimama peke yake kwenye meza ile ndefu na majani yake kidogo, akayapekua, akayapekua tena. Aliendelea kuja. Niliumia kumwona, na niliumia zaidi kwamba alikuja.

Sasa nimtaje Chelangat, binti wa kaka yangu. Alikuwa Form Two katika shule ya kutwa, mrefu, mwenye aibu, na mikono yake ilichuma chai haraka kuliko ya mama yake. Kabla ya mambo haya alikuwa akisimama mezani karibu kabisa na Daktari, na alikuwa na namna yake ya kuuliza.

"Daktari, rafiki yangu anauliza," angeanza, macho kwenye majani. Rafiki yangu anauliza kama mtu anaweza kupata mimba mara ya kwanza. Rafiki yangu anauliza kama kijana akisema atakuoa ni kweli. Kila mtu mezani alijua rafiki huyo ni nani, na hakuna aliyetabasamu. Daktari hakuwahi kuuliza jina la rafiki. Hiyo ilikuwa sheria yake kubwa kuliko zote. Alijibu tu, "Mwambie rafiki yako hivi," akaeleza taratibu, na Chelangat akatikisa kichwa kana kwamba anakariri ujumbe wa kupeleka.

Baada ya mkutano ule mama yake, wifi yangu, ambaye alitoka milima ile ya upande wa pili na hata nyumbani tuliongea naye Kiswahili, alimkataza kuikaribia meza. Nilimwona akipekua kwenye gunia, akiinua kichwa mara moja moja kutazama upande wa Daktari. Nilidhani anamhurumia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba rafiki yake alikuwa na swali jipya, na kwamba swali hilo halikuwa na muda wa kungoja.

Siku moja mchana hakuja bayin. Nilipita kwa kaka baada ya lori kuondoka nikamkuta amelala, uso umebadilika rangi, mama yake anasema ni tumbo tu. Niliona blanketi limelowa damu. Nikampigia Daktari, na Kiprono akamleta mbio. Wifi akasimama mlangoni, mikono ameishika miimo yote miwili.

"Wewe ndiye wa kufunga watoto," akasema. "Hapa kwangu hukanyagi."

"Mama Chelangat, huyo anatoka tamu," Daktari akasema kutoka kwenye geti. Kisha akapiga kelele ambayo sikujua anayo. "Ni tamu nyingi! Anapotesa tamu! Nifungulie!"

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imeanza tena na yeye alibaki pale getini, analowa, anaita neno lile. Alibaki mpaka kaka yangu alipofika kutoka shambani na kumwondoa mkewe mlangoni kwa nguvu. Hapakuwa na gari. Tulimpandisha Chelangat kwenye pikipiki, Kiprono mbele, yeye katikati, Daktari nyuma amemkumbatia kumshikilia. Nilikuwa nikiwafunika na turubai niliposikia sauti ya mtoto yule, ndogo sana.

"Daktari. Rafiki yangu alikunywa dawa ya sokoni."

"Mwambie rafiki yako ajikase," Daktari akamwambia sikioni. "Mwambie hajakosea mtu. Mwambie tunafika."

Hawakufika. Kiprono alisema aligundua kwamba hapaswi tena kukimbia pale Daktari alipomgusa bega na kusema, pole pole sasa.

Kwenye mazishi mchungaji alisema Bwana ametwaa ua lake, na sababu ya kifo ikatajwa kuwa ni tumbo. Daktari alisimama nyuma kabisa karibu na ua wa miti, bila kitambaa cha chama. Wifi yangu hakumtazama. Hata leo, akiulizwa, wifi anasema mtoto alikuwa na tumbo, na mimi namwacha, maana akiliachia neno hilo sijui atashika nini.

Baada ya hapo Daktari alianza kujifunza herufi d. Najua linavyosikika, mwanamke mwenye wajukuu. Nilikuwa nikipeleka maziwa asubuhi na kumsikia nyuma ya banda akimkamua ng'ombe wake: dada, dawa, damu, dunga. Dada, dawa, damu, dunga. Alikuwa akisimama kwenye la mwisho, anaweka ulimi nyuma ya meno, anajaribu, linatoka t, anaanza upya. Ng'ombe alizoea. Mwalimu wa chekechea alimwambia aweke kidole kooni asikie mtetemo, naye alitembea njiani kidole kikiwa kooni mpaka watu wakasema ameanza kuchanganyikiwa.

Akaipata, ila ikampita kiasi. D ikaanza kuingia isipotakiwa. Aliomba dumbaku dukani. Aliniambia niwashe daa. Vijana wapya wa stendi walivunjika mbavu kwa kucheka, na Kiprono aliwafukuza. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani na kulia, kwa sababu alikuwa amejifunza neno lile baada ya aliyelihitaji kuondoka, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mimi. Mezani alirudi, na wanawake wachache wakarudi, halafu wengine. Walimsikiliza. Lakini aliongea kidogo, na kama msichana akianza na rafiki yangu anauliza, mikono ya Daktari ilikuwa ikisimama juu ya majani kwa muda kabla hajajibu.

Kisha magoti yakamshinda na akaacha kuja.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa mwaka huu. Nilikwenda na Chebet, binti yangu wa mwisho, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala, maana ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakifurahia pamoja na ugoro. Alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, mdogo kuliko nilivyomzoea, macho yameingia ukungu. Alimgusa Chebet usoni kumpima urefu. Akauliza ana miaka mingapi. Nikamwambia kumi, na kwamba sindano imerudi shuleni, safari hii wazazi karibu wote wametia sahihi, hata wale wa siku ile.

"Lini?"

"Kesho," nikasema. "Kesho atatungwa."

Fimbo yake ikagonga sakafu.

"Sema tena."

Nilisikia nilichosema. Nikaweka ulimi nyuma ya meno kama yeye alivyokuwa akifanya. "Ata... dungwa."

"Dunga," akasema. "Siyo tunga." Na alilitamka safi, mzee yule, d iliyokamilika.

Chebet alikuwa akituangalia kama watu wawili waliopotewa na akili. Watoto hawa wamekulia Kiswahili cha shule na cha runinga, ulimi wao hauna mzigo wetu. "Si ni kudungwa tu," akasema. "Kudungwa sindano." Lilimtoka bila kazi yoyote. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kuchezea kifuniko cha kibuyu, na nikajua neno linalofuata kabla hajalitamka, ingawa hakuna mtu aliyemfundisha.

"Kogo, rafiki yangu anauliza. Inauma?"

Moto ulilia kidogo. Daktari akasogeza kuni kwa fimbo yake.

"Mwambie inauma kidogo," akasema. "Kama kuchomwa na upupu, halafu inaisha." Akanyoosha mkono akamtafuta mtoto, akamwinua kidevu mpaka nyuso zao zikatazamana, ingawa nadhani aliona kivuli tu. "Huyo rafiki yako ni nani?"

Swali hilo hakuwahi kumuuliza msichana yeyote mezani.

"Ni mimi," Chebet akasema.

Daktari akaushika mkono wake mwembamba pale juu, mahali sindano ingeingia kesho yake, akaubana. Alisema kwa Kipsigis, lugha ambayo haikumsaliti.

"Asante kwa kuniambia. Yule mwingine sikumuuliza."

Chebet akanigeukia ajue ni yule mwingine yupi. Nikamwambia tuage kwanza, nitamweleza njiani. Na nilimweleza. Tulipofika barabarani, chai pande zote mbili, nilimsimamisha, nikachuchumaa mbele yake ili macho yangu yawe sawa na yake, na nikamwambia yote juu ya Chelangat mpaka mwisho. Alitaka kutazama pembeni. Nami nilitaka. Hatukutazama pembeni.